Kabla Hujapeleka Faili la Helipedi: Maneno kwa Wanaoanza Mipangomiji Mwanza

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, iwe mmeajiriwa halmashauri au mmeingia ofisi binafsi kama nilivyoingia mimi, ipo siku mteja atakuja na michoro ya ghorofa nane, atakunjua karatasi ya mwisho, na juu ya paa utaona duara lenye herufi H: helipedi, yaani pa kutulia helikopta. Msanifu keshaichora, keshaipaka rangi, na mteja keshawatambia rafiki zake. Wewe unaitwa "kumalizia kibali tu".

Mimi niliitwa kumalizia hivyo hivyo. Hoteli, katikati ya jiji, mwekezaji mwenye haraka. Kilichonipata humo ndicho kinachonifanya niandike.

Helikopta wengi wetu tunaijua kwa kampeni. Chopa inatua uwanja wa mpira, vumbi linapanda, watoto wanatimua mbio kuifuata, mheshimiwa anahutubia, baada ya saa moja imeondoka na uwanja unarudi kwa wenye mpira wao. Hakuna aliyeulizwa matumizi ya kiwanja. Kwa hiyo mteja wangu alishangaa kweli: kama chopa inatua viwanja vya Furahisha bila maneno, paa lake mwenyewe, alilolijenga kwa fedha zake, lina shida gani? Nilimjibu kwa kirefu siku ile, na nilimjibu vibaya. Siku hizi najibu kwa kifupi. Paa ni lako, ila helikopta haidondoki kutoka mbinguni wima kama embe. Inakuja kwa mshazari, na mshazari ule unapita juu ya viwanja vya watu. Unachoomba ni ruhusa ya kutumia anga ya majirani, leo na miaka ijayo. Paa ni sehemu ndogo ya ombi.

Ukishalielewa hilo, utajua pa kuanzia. Wengi huanza na zege. Anza na mshazari.

Kiambatisho cha 14 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Juzuu ya Pili, ndicho kinachohusu viwanja vya helikopta, na kina madaraja kadhaa ya mteremko wa njia ya kuingilia na kutokea. Daraja la tahadhari zaidi ni asilimia 4.5. Maana yake ni kwamba ukitoka ukingoni mwa eneo la kutulia ukaenda mita 100, ule mstari umepanda mita 4.5 tu. Chochote kinachochomoza juu yake ni kizuizi: jengo, mti, mnara wa simu, nguzo ya tangazo. Hesabu ya darasa la sita. Mimi niliikosea, na niliikosea kwa namna ambayo ni rahisi sana kuikosea katika mji huu wa mawe.

Paa letu lilikuwa mita 28 juu ya barabara. Upande wa kilimani, mita 260 hivi, kulikuwa na nyumba ya chini yenye simtanki juu ya mnara wake wa vyuma. Kwenye jedwali langu la vizuizi niliandika: nyumba mita 6, mnara na tanki mita 4, jumla mita 10. Kumi kwa ishirini na nane, nani ana wasiwasi? Nikapita. Kikao cha majirani kilipoitishwa, mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Mwanangu," akaniuliza, "hiyo ndege yenu itapita juu ya tangi langu au chini yake?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikatazama dirishani na kicheko kikaniishia.

Barabara yetu ipo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Paa, basi, lipo 1,168. Mstari wa asilimia 4.5 ukifika mita 260 umepanda mita 11.7, yaani 1,179.7. Nyumba ya yule mama imesimama kilimani kwenye 1,172. Ongeza mita zake 10, tangi linafika 1,182. Limeuvuka mstari kwa mita mbili na zaidi. Nilikuwa nimepima kila jengo kutoka kwenye ardhi yake lenyewe, kana kwamba Mwanza ni meza. Jiji hili lina vilima vya Bugando na Isamilo, lina nyumba zilizokalia majabali ambazo choo chake kiko juu kuliko dari ya jirani. Pima kila kitu kutoka usawa wa bahari, mpe mpimaji kazi hiyo kwa maandishi, na tembea mwenyewe kwa miguu kuhesabu minara na masimtanki. Picha ya setilaiti haikuonyeshi urefu wa tangi.

Nikasema basi, tugeuze njia ielekee ziwani, huko hakuna kilima. Hapo nikakutana na somo la pili. Helikopta, kama ndege yoyote, hupenda kutua na kuruka ikiukabili upepo. Sote tuliokulia hapa tunajua mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku unageuka. Basi chopa ya saa tisa alasiri, ili iukabili upepo wa ziwani, inabidi iingie ikitokea upande wa nchi kavu, kwenye kile kilima cha yule mama, na itoke kuelekea majini. Njia moja ya ziwani ingetufaa alfajiri na kutuacha mchana, wakati ambao mteja ndipo angepokea wageni. Ndiyo maana unashauriwa uwe na njia mbili zilizoachana sana. Tuliishia kuzilaza zote mbili mshazari na ufukwe, moja ikielekea kusini, nyingine kaskazini.

Ile ya kaskazini ilikuwa na balaa lake. Faili letu lilikuwa Halmashauri ya Jiji, yaani Nyamagana. Tangu mwaka 2012 Ilemela ni manispaa yenye ofisi yake ya mipangomiji, na njia ya angani haijui mpaka wa halmashauri. Viwanja vya mwisho chini ya mstari wetu vilikuwa upande wa pili, kwa maofisa ambao hawakuwahi kusikia habari za hoteli yetu. Tulikwenda kuwaona tukiwa tumechelewa, na walitupokea kama wanavyopokelewa waliochelewa. Nenda mapema. Peleka ramani moja inayoonyesha halmashauri zote mbili, usipeleke nusu kwa huyu na nusu kwa yule.

Isitoshe, uwanja wa ndege wa Mwanza wenyewe upo Ilemela, si mbali na mjini, kwa hiyo anga ya juu yetu ina wenyewe. Hapo ndipo inaingia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vijana wengi huchanganya milango hii. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakutaka upate kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza, na swali lake ni kama matumizi haya yanafaa mahali hapa. Watu wa anga swali lao ni kama helikopta itatua na kuruka salama. Barua ya mmoja haijibu swali la mwingine. Nilipeleka barua ya watu wa anga ya "hatuna pingamizi" mbele ya kamati ya mamlaka ya upangaji nikidhani nimemaliza; nilirudishwa na faili langu kwapani, na walikuwa na haki. Lakini kama unaniuliza uanze wapi, anza na anga, ukiwa na mchoro wa penseli tu, kabla msanifu hajapaka rangi. Wakikwambia njia haipo, umeokoa fedha ya mteja. Zimamoto na watu wa mazingira utawahitaji pia, na wakati huo huo uliza kama paa lina njia mbili za kushukia zilizo mbalimbali, maana mafuta yakimwagika yakawaka, ngazi moja ni mtego.

Kuhusu zege sitakaa sana, mhandisi wa miundo yupo. Ila jua vya kumuuliza. Helikopta ndogo ya kawaida kama AS350 B3 ina urefu wa mita 12.94 pangaboi likizunguka, na uzito wa kuruka usiozidi kilo 2,250. Eneo la kutulia na kuondokea huanzia upana wa mara moja na nusu ya urefu huo, yaani mita 19 na ushee, bado ukanda wa usalama pembeni. Uzito nao usiuchukue kama ulivyo: kutua kwa dharura, miongozo hukadiria mara 2.5, kwa hiyo ni kama kilo 5,600 zinazogonga kwa mpigo. Na muulize mwenye helikopta takwimu za Mwanza, si za kwenye kipeperushi. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa jua kali inakuwa nyepesi zaidi. Chombo kilichobeba watu watano pwani huenda huku kikabeba wanne.

Kitu kimoja kidogo kitakuonyesha haraka kama mchoro ni wa kazi au wa mapambo. Kijiti cha kati cha ile H kinatakiwa kikae mkingamo na njia kuu ya kuingilia, ili rubani akija aione H imesimama mbele yake. Ya kwetu ilikuwa imegeukia lango la hoteli, ipendeze kwenye bango. Na kama ni hospitali, H ni nyekundu juu ya msalaba mweupe. Ukiona msanifu amechora hivyo juu ya hoteli, mrudishie.

Sasa majirani. Hapa ndipo faili hufia, na hapa ndipo ninapowaomba msikimbie. Msiwaite watu baada ya kila kitu kuamuliwa. Na wakisema, msidhani ni ushamba. Mama mwenye dagaa aliposema upepo wa chopa utamwagia dagaa wake mchangani alikuwa anazungumza fizikia. Pangaboi linasukuma hewa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa helikopta nzima, na bati lililozuiwa kwa jiwe na tairi bovu haliwezi kushindana nayo. Mzee mmoja wa Kirumba aliuliza habari za ndege, wale wenye mabawa. Mwalo wa Kirumba una utumbo wa samaki, na penye utumbo pana mwewe, pana kunguru, pana wale makorongo wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya mapipa ya taka kama wazee wa baraza. Korongo wa kilo 5 na zaidi akiingia kwenye pangaboi, hilo si jambo la kucheka. Njia yetu ya kaskazini ilikuwa inapita karibu nao. Swali lile halikuwa kwenye jedwali langu, na tangu siku hiyo halikosekani.

Lilikuja pia swali la kitu kikianguka. Usijibu kwamba haiwezekani. Tarehe 16 Mei 1977, juu ya jengo la Pan Am pale New York, mguu wa helikopta ulivunjika ikiwa imekwisha tua na abiria wanapanda. Ikaegemea ubavu, mapanga yakawaua watu wanne waliokuwa paani, na kipande kikaanguka mpaka mtaani kikamuua mpita njia. Helipedi ile ilifungwa. Mimi huwasimulia majirani kisa hicho mwenyewe, kabla hawajakisikia kwa mwingine, kisha nawaonyesha tumefanya nini: wavu wa pembeni, idadi ya safari kwa siku, saa zisizoruhusiwa, njia isiyopita juu ya shule. Mtu akishaona hukumficha baya, hukusikiliza kwenye jema.

Mteja naye atakwambia uandike kwamba helipedi itaokoa watu moto ukitokea. Punguza. Kule São Paulo, jengo la Andraus lilipowaka mwaka 1972, helikopta ziliwachukua mamia ya watu paani, ni kweli. Miaka miwili baadaye likawaka la Joelma. Joto na moshi vikazizuia kutua, na wengi waliokimbilia juu walikufa huko juu. Los Angeles walilazimisha majengo marefu yawe na pa kutua tangu mwaka 1974, wakalegeza sharti hilo mwaka 2014. Ngazi nzuri na maji ya kutosha huokoa wengi zaidi. Hoja inayosimama vizuri kwa mji wetu ni ya mgonjwa wa kutoka visiwa vya Ukerewe au Kome ambaye boti inamchelewesha, lakini hiyo ni hoja ya hospitali, na hata hospitali lazima ionyeshe lifti inayoingia machela kutoka paani hadi chumba cha dharura.

Mwishoni tulipata kibali, chenye masharti mengi. Nilifurahi, nikafunga faili, na hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma kuliko lile la tangi. Sikuhakikisha kwamba urefu wa mwisho wa majengo chini ya zile njia mbili unaingizwa kwenye mchoro wa mipangomiji wa eneo. Ulibaki ndani ya kibali chetu, kwenye kabati. Afisa aliyekuja baadaye hakuwa na namna ya kujua. Jirani wa kusini akaomba kuongeza ghorofa tatu, kwenye kiwanja chake halali, kwa utaratibu halali, akapewa. Hakumkosea mtu. Nondo zilipochomoza juu ya mstari wetu, njia moja ikafa, na iliyobaki peke yake haikufaa kwa upepo wa mchana.

Nilipanda paani pale mwaka jana kumsalimia fundi ninayemfahamu. H bado ipo, rangi imeanza kubanduka. Juu ya kijiti chake cha kati wamepanga masimtanki matatu.