Furu hawatenganishwi na mlima

Mhariri, wiki hii mmetuuliza spishi moja ya mnyama hugawanyikaje hadi zikawa mbili. Jibu la darasani tunalijua: mlima unainuka au mto unabadili njia, kundi linakatika vipande viwili, na baada ya vizazi vingi hata wakikutana tena hawazaliani. Hutokea hivyo kweli. Lakini furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wenye mamia ya spishi, mara nyingi huishi mwamba mmoja bila kizuizi chochote kati yao.

Chukueni spishi mbili za miamba ya upande wa Mwanza. Dume wa Pundamilia pundamilia (ni jina la kisayansi la furu huyu, si la punda milia wa porini) ana rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, ni mwekundu mgongoni na wa njano ubavuni. Majike wao wamepauka na wanafanana mno. Wakipandana, huzaa chotara wazima ambao nao wanazaa. Kwa hiyo kwenye damu hakuna kinachowazuia.

Anayezuia ni jike. Yeye ndiye anayebeba mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo jike humchagua dume kwa makini, na humchagua kwa rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi: chini ya mwanga mweupe majike walipendelea madume wa spishi yao, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, ambamo bluu na nyekundu hazitofautiani, uchaguzi ule ukapotea. Ziwani nako mwanga una kazi yake. Kadiri unavyoshuka, bluu hupungua na nyekundu hubaki, na macho ya nyererei, wanaokaa chini zaidi, huona vyema zaidi wekundu. Jike wa chini huvutwa na dume mwekundu, wa juu na dume wa bluu, kizazi baada ya kizazi, na hivyo spishi mbili husimama palepale pamoja.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa visiwa viwili. Makobe, kwenye maji maangavu, spishi hizi zimetengana waziwazi. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza kwenye maji ya tope, utakuta kundi moja tu, na madume wengi wana rangi za katikati. Kila siku tunamlaumu sangara kwa kuwamaliza furu, na kweli aliwala wengi. Ila mbolea na maji taka tunayoyaachia yaingie ziwani hukuza mwani, mwani huziba mwanga, na spishi mbili zinaweza kurudi kuwa moja bila samaki hata mmoja kuliwa. Anayetaka kujua hali ya furu asiishie kuhesabu walio kwenye nyavu. Ashushe pia kisahani cheupe majini, apime kinapotelea kina gani.