Fundi wa Nyuzi: Springar yangu imegeuka waltz!

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Bergen, Norway, mwaka wa tatu sasa, nimenunua ukulele ndogo, soprano, ya kupoteza mawazo. Jirani yangu ni mzee wa Telemark, mkoa wa huku, kanirekodia springar, ngoma yao ya kiasili, anayopiga kwa fidla ya Hardanger, fidla ya kienyeji ya huku. Nota nimezipata na kodi (nota zinazopigwa kwa pamoja) nimeweka, ila nikimpigia anacheka, eti hiyo ni waltz. Halafu kuna sehemu inashuka mpaka ukulele inaishiwa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nota hujakosea mwanangu, umekosea mguu. Springar ya Telemark inahesabiwa tatu kweli, lakini tatu zenyewe hazilingani, ya kwanza ndefu, ya pili ya wastani, ya tatu fupi, inakatwa hata hujakaa vizuri. Ukienda Valdres, sehemu nyingine ya Norway, fupi ndo inatangulia na ndefu inafuata. Sasa wewe umezigawa sawa kwa sawa kama keki ya harusi, ndo waltz yenyewe hiyo, mzee asicheke kwa nini? Weka ukulele pembeni, washa rekodi usikilize anavyokanyaga sakafu na kiatu, maana kwao mguu ndo ngoma, kanyaga naye wiki nzima bila kugusa uzi. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, zima kabisa, itakuharibu.

Kodi nazo (sio zile za serikali) punguza. Fidla ile ina nyuzi nne zinazopigwa kwa upinde, na chini yake zingine nne au tano ambazo hakuna anayezigusa, zinaitikia zenyewe, ule mvumo unaousikia nyuma ndo huo. Ukishindilia kodi kila hesabu unauzima. Mi nafanya hivi: uzi wa A naushusha mpaka G, nabaki na G C E G, ukipapasa zote wazi ushapata C bila kidole hata kimoja. Hamishia tuni kwenye C, melodi itembee kwenye E na uzi wa chini kabisa (ule ulioushusha), na ile G iliyo upande wa gumba iache ilie muda wote, hiyo ndo itakuwa kiitikio chako. Na ukisikia F imepanda nusu imekuwa F#, usijifanye unasahihisha! Utamu wao mwingi uko hapo, tena ni freti ya pili tu ya uzi wa E.

Sehemu zinazoshuka chini ya C, pandisha oktava moja, ila pandisha kipande kizima, ukiokota nota moja moja melodi inavunjika kiuno.

Ikikushinda kabisa anza na halling, yenyewe inahesabiwa mbili na haina vituko vya hesabu, ndo ile ngoma ambayo kijana anaruka kupiga teke kofia iliyoning'inizwa kwenye fimbo. Ila usiipige polepole ukamwacha kijana wa watu hewani.