Shule Ithibitishe Kwanza, Mzazi Ajieleze Baadaye

Swali la wiki: mtoto akinyimwa nafasi shuleni, rufaa yake isikilizwe vipi ili haki itendeke? Nitajibu kwa utaratibu wa England (Scotland wana wao), ambao wazazi wetu waishio huko hukutana nao mwezi Machi barua za sekondari zinapotoka.

Kwa kanuni za 2022, mzazi hupewa angalau siku 20 za masomo kukata rufaa, na taarifa ya siku 10 za masomo kabla ya kikao. Jopo lina watu wasiopungua watatu. Mmoja lazima awe raia wa kawaida asiyetoka kwenye kazi ya ualimu, na mwingine mwenye uzoefu wa elimu au mzazi wa mwanafunzi. Mjumbe wa bodi ya shule husika haruhusiwi kukaa humo.

Haki yenyewe iko kwenye mpangilio wa kikao. Shule ndiyo hutangulia. Je, vigezo vya kugawa nafasi vilifuata sheria, na vilitumika sawasawa kwa mtoto huyu? Umbali ulipimwa hadi lango lipi, kwa mstari ulionyooka au kwa njia ya miguu? Kisha shule ionyeshe mtoto wa ziada ataleta madhara gani. "Tumejaa" peke yake si hoja. Ikisema mwisho wake ni 180, jopo liulize mwaka jana walikuwa wangapi, maabara ina viti vingapi, na foleni ya chakula huishia wapi. Ikishindwa kuthibitisha, mzazi ameshinda kabla hajasimulia shida zake.

Ikithibitisha, ndipo mizani inapowekwa: madhara kwa shule upande mmoja, haja ya mtoto upande wa pili. Hapa wengi huharibu, maana huisifu shule dakika kumi na mtoto hatajwi. Barua ya daktari, au somo ambalo shule aliyopangiwa haifundishi, lina uzito kuliko sifa hizo zote.

Madarasa ya watoto wadogo ni habari nyingine. Sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na mlango wa rufaa ni mwembamba: kimsingi uonyeshe kosa lililomnyima mtoto nafasi, au uamuzi usio na mantiki kabisa.

Sisi tumezoea kumwona mkuu wa shule ofisini. Kwenye rufaa, hilo ndilo sumu. Afisa wa shule asibaki na jopo mzazi akiwa nje, hata wakati wa chai. Na mzazi asiyemudu Kiingereza amwandikie karani wa jopo mapema kuomba mkalimani. Mtoto asifanywe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Barua ya uamuzi, inayotakiwa ndani ya siku 5 za masomo inapowezekana, itaje sababu za mtoto huyo, si aya zilezile wanazotumiwa wote. Na kukata rufaa hakumwondoi mtoto kwenye orodha ya kusubiri, hivyo jina liachwe humo.