Taa zinawaka, intakomu iko kimya

Kaka wa Raskazone, nimekuelewa: simu zako za 1A2 za Western Electric, zile za zamani za ofisini za Kimarekani zenye vitufe sita, taa zinawaka vizuri lakini ukiinua mkonga kwenye intakomu (laini ya kuongea ndani kwa ndani) husikii kitu. Usianze kufungua simu. Taa hutumia volti 10 za AC, sauti ya intakomu volti 24 za DC, na fyuzi zake ni tofauti. Kwa hiyo taa kuwaka hakuthibitishi kwamba intakomu ina umeme. Pima hiyo 24 kwanza.

Ikiwepo, hamia kwenye kebo ya jozi 25 za nyaya inayoingia kwenye simu. Kwa laini ya kwanza, jozi ya nyeupe na bluu ni sauti, ya nyeupe na kijani ni taa. Hewa ya chumvi hapa Tanga hula pini za kiunganishi cha kebo. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe ni kutu ya kijani tu. Mswaki wa zamani na spiriti vikatosha.

Halafu, mtambo unaolisha umeme simu hizo ni wa volti 120. Bila transfoma ya kushusha, 230 yetu itauunguza. Chomoa kabla ya kugusa, maana umeme wa kengele hukaribia volti 90 na unapiga kweli. Upande wa 230 mwachie fundi umeme.