Kiti cha MCA kikibaki wazi: maswali yenu kuhusu uchaguzi mdogo

Tarehe 27 Novemba 2025 wakazi wa Kariobangi Kaskazini, hapa Nairobi, walirudi kwenye foleni kumchagua MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, peke yake. Hapakuwa na karatasi ya rais, ya gavana wala ya seneta. Tangu hapo maswali yananijia, mengine kutoka wadi ambazo kiti bado kina mwenyewe. Nimejibu haya.

MCA wetu alifariki. Si chama chake kingeteua mwingine tu, tuokoe pesa?

Hapana. Kiti cha wadi si mali ya chama. Kinachojazwa kutoka kwenye orodha ya chama ni kiti cha MCA mteule, yule aliyeingia bungeni bila kupigiwa kura. Aliyechaguliwa akiondoka, spika wa bunge la kaunti ana siku 21 za kuiarifu IEBC, tume ya uchaguzi, nayo inaitisha uchaguzi. Gavana akifariki, naibu wake hushika nafasi bila mwananchi kuulizwa. MCA hana naibu.

Basi mbona wadi nyingine zilikaa yatima muda mrefu hivyo?

Kwa sababu tume yenyewe haikuwa na makamishna. Januari 2023 Wafula Chebukati na wenzake wawili waliokuwa wamebaki walimaliza muda wao. Wapya, wakiongozwa na Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025. Katikati hapo ofisi zilifunguliwa na wafanyakazi wakalipwa, lakini hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuitisha uchaguzi. Viti vikarundikana, hata ilipofika siku ile ya Novemba vilivyopigiwa kura vilizidi 20, vya wadi na vya bunge pamoja. Banissa, kule Mandera, walikuwa bila mbunge tangu Machi 2023.

Wanasiasa walivutana kuhusu nani ateue makamishna, na katika mvutano ule sikusikia wengi wakiwataja watu wa wadi. Bajeti ya kaunti ilisomwa na kupitishwa, mara ya kwanza, mara ya pili, na wadi isiyo na MCA haikuwa na wa kuinua mkono. Msimamizi wa wadi alikuwepo, ndiyo, na mkipasukiwa na bomba la majitaka mlimwendea yeye. Lakini huyo ameajiriwa na kaunti. Bungeni hapigi kura. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko gharama ya masanduku.

Nilihamia wadi hii baada ya MCA kufariki. Nijiandikishe wapi ili nipige kura?

Umechelewa. Kiti kikishatangazwa kuwa wazi, kujiandikisha katika eneo hilo kunasimamishwa mpaka uchaguzi upite. Najua inauma, hasa kwa kijana aliyetimiza miaka 18 wiki iliyopita. Lakini fikiria wadi yenye ushindani mkali, na mgombea mwenye mabasi. Asingekosa kuleta "wakazi" wapya kutoka mtaa wa pili.

Kinyume chake wengi hukisahau: ukiwa ulijiandikisha hapo halafu ukahamia Rongai au Kitengela, na hukuhamisha usajili, jina lako bado liko kwenye sajili ya kituo kilekile. Panda matatu uje upige.

Ninatoka kazini saa kumi na moja unusu. Nitawahi?

Hapana. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kumaliza, kwa hiyo omba ruhusa mapema. Na ubebe kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia. Picha yake kwenye simu haikubaliki.

MCA wetu yu hai, ila bungeni haonekani. Kiti kinaweza kutangazwa wazi?

Kinaweza, akikosa vikao vinane bila ruhusa ya spika iliyoandikwa. Hivyo ndivyo Katiba isemavyo katika kifungu cha 194. Vilevile akijiuzulu chama kilichompeleka bungeni, au, kama aliingia akiwa mgombea huru, akajiunga na chama. Hesabu ya vikao inawekwa bungeni, si mtaani. Kwamba hajaonekana sokoni mwaka mzima, hilo msubirini 2027.

Nataka kugombea bila chama. Nahitaji nini?

Uungwaji mkono wa wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Hiyo ni kazi ya miguu tu. Mtego uko kwingine: usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu unaujua tarehe yake miaka mitano kabla, unapanga. Uchaguzi mdogo huja kwa ghafla, na anayetoka chamani siku ya mazishi huenda miezi mitatu isimtoshe. Tena kagua jina lako kwenye eCitizen hata kama hujawahi kununua kadi ya chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama wasivyovijua.

Mshindi anapewa miaka mitano?

Hapana. Anamaliza kipindi kilichobaki, mpaka uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Wala hahitaji kupata nusu ya kura. Kura moja zaidi ya anayemfuata inatosha. Kiti kikibaki wazi miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, hakuna uchaguzi mdogo.

Tukiona matokeo yamechezewa?

Piga picha fomu 36A inayobandikwa mlangoni mwa kituo, kisha uilinganishe na jumla ya wadi iliyo kwenye fomu 36B. Kesi ya kiti cha MCA husikizwa na hakimu, si Mahakama Kuu, na lazima iwasilishwe ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa na tume.

Baba yangu bado anamwita MCA "diwani". Nimrekebishe?

Ya nini? Baraza la jiji lilizikwa 2013 kaunti zilipoanza, na bado sote tukiona askari wa jiji wanashuka garini tunapiga kelele "kanjo!", jina la mtaani la baraza lilelile.