Miguu mirefu ya droni: tatizo si kalibresheni

SWALI: Nina droni ya Phantom 3 Professional ninayoitumia kupiga picha sehemu zenye nyasi ndefu. Kila nikitua kamera ilikuwa inagusa nyasi, kwa hiyo nikatoa miguu iliyokuja nayo na kufunga miguu mirefu ya kaboni. Dira, kile kihisi kidogo cha mwelekeo kilichokuwa kwenye mguu wa kiwanda, nimeibandika kwenye mguu mpya kwa tepu ya pande mbili. Tangu hapo ikiwa hewani haitulii, inazunguka duara, na picha kwenye simu inakatika nikiwa bado karibu. Nimefanya kalibresheni ya dira, yaani kuipima na kuisahihisha upya, mpaka nimechoka. Fundi mmoja ameniambia niirudie nikiwa uwanja wa wazi, halafu nizungushie antena karatasi ya aluminiamu ili ziongeze nguvu. Nifanye hivyo? Na miguu hii niiimarishe vipi isije ikavunjika?

JIBU: Karatasi ya aluminiamu iache jikoni. Aluminiamu inazuia mawimbi ya redio, kwa hiyo ukiizungushia antena umeifunga mdomo. Huyo fundi usimrudie.

Antena hujasema umeziweka wapi, ila droni za namna hii zinanijia mezani kila mara na nazikuta sehemu mbili: ama zimebandikwa juu ya bomba la kaboni, ama zimesukumiwa tumboni karibu na betri. Kiwanda kilizilaza ndani ya miguu ya plastiki kwa sababu plastiki inapitisha mawimbi na pale chini hakuna cha kuzikinga. Kaboni inapitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme kinakinga mawimbi. Kwa hiyo kila droni inapogeuka na lile bomba likaingia kati ya antena na rimoti yako, picha inakatika. Simu yako haina kosa.

Sasa dira, maana ndiyo itakayokupotezea droni.

Watu wameaminishwa kwamba kalibresheni ni dawa ya kila kitu. Droni ikiyumba, kalibresheni. Ikikataa kuruka, kalibresheni. Nimechoka kulisikia. Unapoizungusha droni ikiwa imelala, kisha ukaizungusha pua ikiwa chini, kompyuta yake inapima ni sumaku kiasi gani inageuka pamoja na dira, yaani ile ya skrubu, nyaya na vyuma vilivyofungwa humo humo, kisha inaitoa kwenye hesabu. Hiyo tu. Inasahihisha kilichokaa mahali pake bila kusogea. Dira iliyobandikwa kwa tepu juu ya bomba linalotetemeka haijakaa mahali pake. Ulipofanya kalibresheni ilikuwa imekaa hivi. Mota zikiwaka mguu unacheza, dira inainama kidogo, na zile hesabu hazifai tena. Ukirudia mara mia utapata hesabu mia za muda mfupi.

Tena kuna mwelekeo. Dira ya Phantom 3 ina upande wake wa mbele na wa juu, nayo lazima ikae vile vile ilivyokuwa kwenye mguu wa kiwanda. Ukiibandika imegeuka nyuzi 30, kalibresheni haiwezi kujua. Droni itaamini pua yake inatazama kule isikotazama.

Hapo ndipo duara lako linapotoka. Setilaiti zinaiambia droni kwamba imesogea mita 1 kaskazini, nayo inajilaza kuelekea inakodhani ni kusini. Kwa kuwa mwelekeo wake si sahihi, inajikuta imekwenda pembeni. Inajirekebisha tena, inakosea tena upande ule ule, na kosa moja likifuata jingine unapata duara. Kosa likiwa kubwa, duara linapanuka kila mzunguko mpaka linafika kwenye mti au ukuta.

Kagua skrubu pia. Nguvu ya sumaku ya dunia ambayo dira inaitegemea ni mikrotesla 25 hadi 65 tu, kitu hafifu sana, na skrubu moja ya chuma iliyoshika sumaku kutoka kwenye bisibisi inaweza kuivuruga ikiwa sentimita chache kutoka kwenye dira. Chukua sumaku ndogo, nenda nayo mbali na droni, uijaribu kwenye kila skrubu kabla ya kuifunga. Usiamini neno "haishiki kutu", kwa sababu baadhi ya skrubu hizo zinashika sumaku vizuri tu. Karibu na dira tumia za shaba nyeupe au nailoni, na bisibisi isiyo na sumaku.

Kuhusu kuiimarisha miguu isivunjike: usiimarishe. Mguu wa plastiki wa kiwanda kazi yake ni ile ya fyuzi. Ukitua vibaya unapasuka wenyewe, na gamba, mikono ya mota na gimbali (kile kishikio kinachoituliza kamera) vinabaki. Ukiweka bomba lisilopinda wala kuvunjika, ule mshindo haupotei, unapanda juu. Ninachokiona mezani ni mguu wa kaboni mzima kabisa umeshikilia tumbo lililopasuka kwenye matundu ya skrubu, na utepe wa gimbali umekatika. Muuzaji anayesifia miguu "isiyovunjika" hasemi uongo. Hajakwambia tu kitakachovunjika badala yake.

Na urefu wenyewe hauleti usalama. Chukua droni ambayo miguu yake iko sentimita 9 kutoka katikati kila upande, na uzito wake mkuu uko sentimita 10 juu ya ardhi. Itabidi iinamishwe kama nyuzi 42 ndipo ipinduke. Inyanyue mpaka uzito uwe sentimita 18 juu bila kutanua miguu, na nyuzi 27 zinatosha. Upepo kidogo wakati wa kutua, mapanga ya mota yanakata nyasi. Bomba lile lile ukilirefusha mara mbili, ugumu wake unashuka hadi sehemu moja ya nane, linaanza kutetemeka pamoja na mota, na nguzo zilizonyooka zinayumbayumba kwenye video. Uzito nao: Phantom 3 Professional ina gramu 1280, na gramu 120 za ziada zinadai umeme zaidi kwa karibu asilimia 14 ili tu ielee. Zile dakika 23 za kuruka zinazotajwa na kiwanda zinakuwa kama 20.

Rudisha miguu ya kiwanda, na dira na antena zirudi ndani yake kama zilivyokuwa. Kwa nyasi, tandika ubao au turubai gumu utue juu yake. Ukitaka urefu, tafuta viongezeo vyepesi vya plastiki vya sentimita 3 au 4 vinavyobana chini ya mguu, visivyokinga kamera na vihisi vya tumboni. Kisha inyanyue mita 2, achia vijiti, iangalie dakika kadhaa. Ikianza kuzunguka, ishushe.

Wenye droni ndogo msidhani hayahusu ninyi. Mavic Pro ina antena ndani ya miguu ya mbele, na bado naletewa iliyovalishwa soksi za kaboni. Na droni ya gramu 249 ukiifunga miguu ya gramu 15 imevuka gramu 250, mpaka ambao Marekani na Umoja wa Ulaya wanautumia katika sheria zao za usajili na urushaji.

Hawa wanaofundisha kwa video wanairusha dakika moja, hakuna upepo, kimo cha kichwa, wanasema imekubali. Hawaoneshi ilivyokuwa baada ya mwezi, tepu ikiwa imelegea. Basi ukiuziwa droni iliyotumika yenye miguu ya namna hii, kabla ya kulipa fuata waya wa dira mpaka mwisho wake. Ukikuta tepu, muulize muuzaji miguu ya kiwanda iko wapi, na kama hana, toa bei yake kwenye unayolipa.