Maswali ya lugha ya mama: hiyo chati yako ni ya Kiingereza

Meseji zimejaa, na nusu ni zilezile za mwezi jana. Haya.

Nafundisha gredi ya kwanza, nachora chati ya Kikuyu A hadi Z. Kwa Z niweke nini?
Usiweke kitu mwalimu, Kikuyu hakina Z! Wala P, S, F, L, V. Nimeona moja imebandikwa ukutani, Z ni pundamilia ameandikwa "zebra", na ng', ny, th, mb, nd, nj hazimo kabisa, yaani mtoto anakaririshwa herufi ambazo lugha yake haina na zile anazotamka kutwa nzima zimeachwa nje. Futa uanze na irabu, ziko saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ, halafu konsonanti uzipange kwa maneno ambayo watoto wenyewe wanasema wakicheza.

Lazima hivyo vialama vya ĩ na ũ? Simu yangu haina.
Lazima. Ukiviacha irabu saba zinakuwa tano, mtoto anabaki kubahatisha. Tafuta kibodi yenye hizo herufi, na hili swali nisilione tena.

Nitumie PDF ya kitabu cha Kikamba, ya bure.
Situmi. Hakimiliki Kenya inaenda mpaka miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na wanaoandika kwa lugha zetu ni wachache tayari, mnataka waache? Za bure kihalali ziko kwa tovuti ya African Storybook, kuna Kikamba, Dholuo, Lubukusu, unashusha unaprinti. Ila mtu yeyote anaweza kuweka tafsiri huko, so soma kwanza, usije ukampa mtoto Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno.

Shule ya mtoto wangu Nairobi inafundisha Kiswahili badala ya Kiluhya. Ni sawa?
Ndio, sera inasema lugha ya eneo, na mjini hiyo huwa ni Kiswahili. Kiluhya ni kazi yako jioni, na kama jioni mnaongea Kiingereza usiniulize app.

Nataka kurekodi cucu (nyanya yangu), nimuulize nini?
Usianze na "ng'ombe mnaitaje". Mwambie akueleze vile anakamua, hatua kwa hatua, na usimkatize, hapo ndio vitenzi vinatoka na methali na matusi kidogo. Zima TV, simu ikae karibu na mdomo wake, mwanzoni taja jina lake, kijiji na tarehe, na umuombe ruhusa kabla hujaitupa kwa grupu ya familia. Faili likae mahali pawili, simu zinaibiwa.